Mgonjwa Hapelekwi Peke Yake



Mwaka jana, mwishoni mwa mkutano wa vijana wa parokia, binti mmoja alibaki nyuma wenzake walipokuwa wakirudisha mabenchi darasani. Alikuwa na swali moja. Kaka yake mkubwa hunywa lotoko tangu kunapopambazuka. Wakati wa vita vya siku sita alikuwa mtoto wa miaka saba, na hadi leo, mvua ya radi ikianza, mtu mzima huyo huingia chini ya kitanda. Jamaa wamegawanyika: baba mdogo anataka apelekwe kwa mganga ng'ambo ya mto, shangazi anataka chumba cha maombi, na mama anataka hospitali lakini hana fedha. "Mwalimu, yupi kati yao ana haki?"

Tulimjibu upesi: hospitali. Jibu hilo halikuwa la uongo, ila lilikuwa fupi mno, na binti aliondoka na uso uleule aliokuja nao. Tangu siku hiyo tumekuwa tukilifikiri jibu tulilopaswa kumpa. Nalo ni refu, kwa sababu swali lake lina historia ya zaidi ya miaka mia moja ndani yake, na sehemu ya historia hiyo ilitendeka katika mitaa hii tunayoipita kila siku.

Tuanze na radi. Mnamo Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuwa yameingia nchini mwetu kama washirika, yalipigana katikati ya Kisangani tangu tarehe 5 hadi tarehe 10. Mabomu zaidi ya 6,000 yaliangukia makao ya watu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inataja raia waliouawa kuwa kati ya 244 na 760, kulingana na mashahidi mbalimbali, na majeruhi zaidi ya 1,000. Nyumba zaidi ya 400 zilibomolewa, na kanisa kuu letu la Bikira Maria nalo liliharibiwa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile katika nchi yetu, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu. Sisi tuliolala sakafuni siku hizo sita tunajua kwamba mguu uliokatwa unaonekana kwa macho, na nyumba iliyobomoka hupigwa picha. Hofu ya radi haipigwi picha. Huyo anayeibeba hujitafutia dawa mwenyewe, na dawa iliyo karibu na ya bei ndogo kuliko zote ni chupa ya lotoko.

Je, wahenga wetu walikuwa na dawa ya majeraha ya namna hiyo? Walikuwa nayo, nayo haikuwa majani tu.

Katika miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, John Janzen, aliishi Kongo ya Chini akiwafuata wagonjwa hatua kwa hatua, na mwaka 1978 alichapisha kitabu juu ya yale aliyoyaona. Jambo lililomshangaza ni dogo kwetu, kwa sababu tunaliona kila siku: mgonjwa hakujiamulia mwenyewe. Wajomba, wazazi, dada na kaka walikaa kikao, wakauliza ugonjwa ulianza lini na baada ya neno gani, wakaamua waende wapi. Leo walikwenda zahanati, kesho kwa mganga, keshokutwa walirudi zahanati, wala hawakuona kwamba wanajipinga. Hospitali ilimtibu mtu mmoja aliyelala kitandani. Kikao kilijua kwamba mtu huyo amelala katikati ya ugomvi wa shamba, mahari isiyolipwa, au kifo kisicholiliwa.

Mfano mwingine unatoka kwa ndugu zetu Wamongo wa Ekwateri. Kwao kulikuwa na tiba ya wanawake iitwayo zebola, iliyohamia Kinshasa pamoja na wahamiaji na kustawi huko katika miaka ya 1970. Mtaalamu wa saikolojia, Ellen Corin, aliichunguza kwa makini. Mwanamke aliyeugua, asiyelala, asiyekula, aliyekatwa na maumivu ambayo daktari hakuyaonea sababu, alipelekwa kwa mganga mwanamke. Mganga alisema kwamba kuna roho inayomshika. Basi mgonjwa alikaa kwa mganga huyo kwa majuma au miezi, akapakwa rangi nyekundu, akaoshwa kwa majani, akafundishwa ngoma. Na hapo tunawaomba mwangalie vizuri: aliishi pamoja na wanawake wengine waliokwisha kupita njia hiyohiyo. Mbele yao aliyasema mambo ambayo nyumbani kwa mumewe asingethubutu kuyasema. Siku ya mwisho alitoka hadharani akicheza, jamaa wote wakimtazama, na tangu siku hiyo alikuwa mmoja wa kundi. Zebola haikuwa ya pekee. Kinshasa ya wakati huo ilikuwa na makundi ya namna hiyo ya makabila mengi, hata moja lililobeba jina la Kiswahili, Mizuka.

Sisi ni wakristo, na hatuandiki haya ili mkatafute mizimu. Tunajua pia kwamba tiba hizo ziligharimu sana, na mara nyingi ziliwatia jamaa katika deni. Lakini asiyetaka kuona kilichokuwa chema ndani yake hataelewa kwa nini watu wetu, hata waliobatizwa, waliendelea kuzikimbilia usiku.

Maana waliambiwa waziache. Padri Gabriel Grison na wenzake wa Shirika la Moyo Mtakatifu walipofika Stanley Falls mwaka 1897 na kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli, walikuta waganga kila kijiji. Wamisionari wengi wa zamani zile waliona katika kibuyu cha mganga kazi ya shetani tupu. Tusiwacheke. Katika vijiji hivyohivyo kulikuwa na mwavi, sumu aliyonyweshwa mtu aliyeshutumiwa uchawi. Akitapika alikuwa hana hatia, akifa alikuwa na hatia. Aliyeona maiti ya mjane aliyekufa kwa mwavi hawezi kulaumiwa kwa kuchukia kikapu chote alichotoka nacho mwaguzi. Kosa lilikuwa kwamba kikapu chote kilitupwa mtoni, pamoja na kile kikao cha jamaa kilichokuwa ndani yake.

Na serikali ya kikoloni ilitupa zaidi. Malale ilipoenea kaskazini mwetu katika nchi ya Uele, mwanzoni mwa karne ya 20, wagonjwa walitengwa katika lazareti, kama ile ya Ibembo. Nia ilikuwa kuzuia ugonjwa usienee, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kutisha kweli. Lakini mgonjwa wa malale hupotewa na akili, na mtu aliyepotewa na akili alichukuliwa mbali na mama yake na wajomba zake, akawekwa mahali penye walinzi. Watu waliziogopa lazareti kama mahali pa kufia, wakawaficha wagonjwa wao porini. Hofu ile ya hospitali ambayo mnaisikia hata leo kwa bibi zenu haikuzaliwa katika ujinga.

Kuhusu ulevi, historia ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipatana kuzuia pombe kali isiingizwe wala kutengenezwa katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati. Sheria hiyo haikuua kiu. Pombe ya kutonesha iliingia vichakani, ikafunzwa usiku, na lotoko yetu ya mahindi na muhogo ni mjukuu wa usiku huo. Pombe ya wahenga, ile ya mawese au ya ndizi, ilikuwa na siku zake na wazee wake. Ilinywewa kikaoni, na kijana alipewa kikombe na mkubwa wake. Lotoko haina mzee. Mtu huinunua peke yake asubuhi, huinywa amesimama, na kuondoka.

Msifikiri basi kwamba kila kitu cha asili kilikuwa cha amani. Tazameni bangi. Katika Kasai, miaka ya 1880, msafiri Mjerumani Wissmann alikuta watu waliojiita Bena Diamba, yaani wana wa bangi, chini ya mtemi wao Kalamba Mukenge. Walikuwa wamechoma hirizi za zamani na kufanya bangi kuwa alama ya urafiki. Waliovuta pamoja hawakupaswa kupigana. Miaka themanini baadaye mmea uleule ulivutwa hapa mjini kwetu kwa kusudi jingine.

Hapo tumefika mwaka 1964, na tunapafikia kwa uzito. Mwanzoni mwa Agosti mwaka huo wapiganaji Simba waliuteka mji huu, ulioitwa bado Stanleyville. Wengi wao walikuwa vijana wa umri wenu, wengine watoto. Kabla ya kwenda vitani walipewa dawa: walichanjwa, wakanyunyiziwa maji, wakafundishwa kupaza sauti "Mai Mulele" ili risasi zigeuke maji. Dawa hiyo ilikuwa na miiko: usimguse mwanamke, usigeuke nyuma, usipeane mkono na asiyechanjwa. Risasi ikimuua mmoja, jibu lilikuwa tayari: amevunja mwiko. Na juu ya dawa waliongezewa bangi. Hivyo dawa iliyokusudiwa zamani kumrudisha mtu kwa wenzake ilitumiwa kumtoa mtoto kwa wenzake, asimwogope tena adui wala asimhurumie. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka juu ya mji. Waliouawa kabla ya siku hiyo na baada yake, kwa mikono ya Simba na kwa mikono ya waliolipiza kisasi, ni wengi sana, na zaidi sana ni Wakongo ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, huko Isiro, Mwenye Heri Anuarite Nengapeta aliuawa na mkubwa mmoja wa Simba, Kanali Olombe, kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake. Mnaijua habari hiyo tangu katekisimu. Tunataka mkumbuke sehemu yake inayosimuliwa kidogo. Olombe aliishi. Aliubeba mkono wake kwa zaidi ya miaka ishirini. Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, siku Anuarite alipotangazwa Mwenye Heri, Papa Yohane Paulo II alitamka hadharani kwamba anamsamehe muuaji kwa jina la Kanisa. Hatujui moyo wa mtu yule ulipokea nini. Lakini tendo lenyewe wahenga wetu wangelielewa mara moja: mkosaji hawezi kutakaswa chumbani peke yake, neno lake linapaswa kusemwa mahali watu wanaposikia. Kwa maelfu ya Simba wengine hapakuwa na siku kama hiyo. Walirudi vijijini, wakanyamaza, wakanywa. Sisi tuliozaliwa baada ya vita hivyo tulikua na baba na wajomba wa namna hiyo, na hakuna aliyetuambia kwa nini baba fulani alipiga kelele usingizini.

Katika miaka ya 1970 nchi yetu ilitaka kurudia asili yake, na serikali iliwatuma watafiti kuwachunguza waganga. Wakiongozwa na Gilles Bibeau kutoka Kanada, pamoja na Corin tuliyemtaja na Wakongo kama Mulinda Habi Buganza, walizunguka mikoa, wakakusanya habari za mimea na za tiba, kisha wakashauri jinsi waganga na hospitali wangeweza kushirikiana. Mwaka 1978, huko Alma-Ata, Shirika la Afya Duniani na mataifa yaliyokutana yalikiri rasmi kwamba waganga wa jadi wanaweza kuwa na nafasi katika huduma ya kwanza ya afya, mahali wanapohitajika. Maneno yalikuwa mazuri. Kisha uchumi wa Zaire ulianguka, na ushirikiano ulibaki zaidi kwenye karatasi. Hapa mkoani kwetu, kule Yangambi, kuna ghala la majani makavu ya mimea ya misitu ya Kongo, lililoanzishwa na Wabelgiji, nalo ni mojawapo ya makubwa ya Afrika. Wanafunzi wetu tuliokwenda nao walistaajabu kuona kila jani na jina lake la Kilatini. Mmoja aliuliza kama kuna mahali palipoandikwa nani alikuwa akiimba wakati jani hilo linapotwangwa. Tulicheka, naye hakuwa akitania.

Swali lake linajibiwa vizuri na mmea mmoja wa majirani zetu, iboga. Ni kichaka cha misitu ya Gaboni na ya Kongo. Wafuasi wa Bwiti huko Gaboni hula magamba ya mizizi yake katika usiku mrefu wa kuingizwa, ambapo mtu huona maono na kuonana na wafu wake. Mwaka 1901 wakemia Wafaransa walitoa ndani yake dawa waliyoiita ibogaini. Mwaka 1962 kijana mmoja wa New York, Howard Lotsof, mtumwa wa heroini, aliimeza kwa kutafuta ulevi mpya, na alipozinduka aliona kwamba kiu ya heroini imemtoka. Tangu hapo watu wa Ulaya na Amerika wamekuwa wakiitafuta, wengine wakiponywa, wengine wakifa, kwa maana dawa hiyo huweza kuusimamisha moyo. Marekani imeipiga marufuku tangu 1970. Gaboni iliitangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 2000. Hatuwaambii mwiguse. Tunawaonyesha tofauti moja tu: mwingizwaji wa Bwiti haachwi peke yake hata dakika moja usiku ule, ana wa kumshika, wa kumwimbia, na wa kumpokea asubuhi. Wageni waliuchukua mzizi, wakamwacha huyo anayemshika mtu mkono.

Sasa turudi upande wa vita, na tutazame mpaka wetu wa kaskazini-mashariki. Mnakumbuka jeshi la Kony, LRA, lililoua watu Faradje na Doruma wakati wa Noeli ya mwaka 2008 na kuteka watoto hata Uele ya Chini. Kabla ya kuja kwetu lilikuwa limewateka maelfu ya watoto wa Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Mtoto aliyetoroka na kurudi nyumbani alikuwa ameua, mara nyingine ndugu yake mwenyewe. Wazee wa Kiacholi walikuwa na desturi ya kumpokea aliyekaa mbali na nyumbani, iitwayo nyono tong gweno, yaani kukanyaga yai. Yai bichi huwekwa njiani pamoja na kijiti cha mti utelezao uitwao opobo na mti unaotumika kufungulia ghala la nafaka, layibi. Anayerudi hulikanyaga yai mbele ya ukoo wote, kisha huingia. Yai halina kinywa, halijasema uovu. Ghala linafunguliwa, maana yake atakula tena na wenzake. Viongozi wa dini za huko, akiwemo Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Gulu, hawakulikanyaga jambo hilo chini kama upagani. Walizungumza na wazee, wakatafuta amani pamoja nao. Odama ndiye askofu aliyekwenda mwaka 2003 kulala barabarani Gulu pamoja na watoto waliokuwa wakiukimbia usiku vijijini mwao.

Je, yai lilitosha? Halikutosha. Wasichana waliorudi na watoto waliozaliwa porini waliendelea kutengwa, yai au bila yai. Na ndoto mbaya haziishi kwa sababu ukoo umepiga makofi. Kwa hiyo madaktari wa akili walileta njia yao: mtu anasimulia maisha yake tangu kuzaliwa, jiwe kwa kila baya na ua kwa kila jema, mpaka ile habari inayomrudia usiku ipate mahali pake na tarehe yake. Wataalamu waliijaribu njia hiyo kwa vijana 85 waliokuwa askari watoto kaskazini mwa Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011: dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa waliosimulia kuliko kwa wenzao. Waliowasikiliza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa palepale waliofundishwa kwa kazi hiyo, nao waliwafuata vijana nyumbani kwao.

Habari iliyo karibu nasi zaidi ni ya Kivu. Wanawake 405 walionusurika ubakaji walifuatiliwa, na matokeo yalitolewa mwaka 2013. Katika vijiji kadhaa walipewa msaada wa mmoja mmoja; katika vijiji vingine walikaa vikundi vya watu sita hadi wanane, mara kumi na moja, wakijifunza kuyachunguza mawazo yaliyowafunga, kama vile "ni kosa langu". Njia yenyewe ilibuniwa Amerika. Hapa ilirahisishwa kwa ajili ya wasiojua kusoma, na walioiongoza walikuwa kina mama wenye miaka michache ya sekondari. Miezi sita baada ya kumaliza, waliokuwa bado na huzuni kuu au wasiwasi mkubwa walikuwa 42 kwa mia katika vijiji vya mmoja mmoja, na 9 kwa mia katika vijiji vya duara. Tulipoisoma hesabu hiyo kwa mara ya kwanza tuliwakumbuka wanawake wa zebola. Hapakuwa na roho wala rangi nyekundu. Palikuwa na duara ya wanawake waliopita njia moja, na neno lililosemwa mbele yao.

Turudi basi kwa binti yetu. Kama tungeweza kumjibu tena, tungemwambia kwanza kwamba mama yake ana haki katika jambo moja lisilongoja: mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, akikatiwa ghafla, huweza kutetemeka, kupotewa na akili, kushikwa na kifafa na kufa. Ni daktari anayejua kumshusha taratibu. Kwa hiyo kumfunga mtu huyo kamba katika chumba cha maombi, na kumfungisha siku tatu bila maji, ni hatari hata kama wanaomwombea wana imani kubwa. Tungemwambia pia kwamba mganga au nabii anayeanza kwa kuuliza "nani nyumbani ni ndoki" amekwisha kuonyesha alikotoka: kwenye mwavi. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemshutumu mtoto uchawi, na bado katika mji huu kuna watoto wanaolala sokoni kwa sababu ya neno hilo.

Lakini baba mdogo naye alikuwa na haki. Alipotaja mganga, hakuwa anatafuta majani. Alikuwa anatafuta mtu atakayeita jamaa wote wakae na kusema kwa nini tangu mwaka 2000 hakuna aliyekaa na kijana huyu. Hospitali haitaita kikao hicho. Shangazi alitaka sala, na sala ilikuwa deni letu sisi. Tusiseme tu kwamba alikwenda kuitafuta mahali pabaya. Kijana huyo alikuwa mwimbaji wa kwaya. Alipoanza kuja amelewa, sisi tulimwondoa, kwa heshima ya ibada, wala hatukumfuata nyumbani. Tunaliandika hili kwa aibu.

Jamaa walikaa mwezi wa nne. Binti alituita, tukaenda watatu, na mwenyekiti wa jumuiya yao ya msingi. Baba mdogo aliongoza kikao kwa desturi yao, kola ikavunjwa, na kila mmoja alisema alipokuwa siku zile sita. Mama alisema jambo ambalo watoto wake hawakulijua: kwamba alikuwa na mtoto mwingine mgongoni. Kijana alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema naye alikuwa anajua, kwa sababu ndiye aliyeushika mkono wa mtoto huyo. Hakuna aliyesema tena kwa muda mrefu. Kesho yake watu wanne walimsindikiza hospitali, na vijana wa jumuiya waligawana siku za kulala kando ya kitanda chake.

Amerudi nyumbani. Mara mbili ameanguka tena. Alhamisi hukaa na wanaume watano waliokuwa watoto mwaka 2000, katika darasa letu la katekisimu, mlango ukiwa umefungwa, na sisi hatuingii. Juzi radi ilipiga wakiwa mle ndani. Tulisikia benchi likiburutwa, kisha sauti ya mmoja wao, hatujui ya nani, ikiuliza kama wote wapo.